Upande wa Bwana Harusi

Kazi iliyobaki jioni ile ilikuwa ndogo. Kusawazisha upindo wa gauni la mwanangu mkubwa, kulitia katika mfuko wake na kulipeleka nyumbani, basi. Harusi ilikuwa kesho yake. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya paa la duka la mbao lililo ng'ambo ya barabara, na chumba changu cha kushonea kilikuwa na ule mwanga wa kijivu ambao mafundi hatuupendi, kwa sababu uzi mweupe hauonekani juu ya kitambaa cheupe.

Nitasimulia polepole. Shule yangu ni ndogo, na jambo lenyewe si la kukimbiza. Mimi ni mtu wa sala. Kila asubuhi kabla sijagusa cherehani huinamisha kichwa, nikamshukuru Mungu kwa macho na vidole. Nayasema haya ili asiyenijua asidhani kwamba ni mtu wa kushabikia mambo ya giza. Nilikuwa nayakwepa. Yalinifuata kazini.

Baba wa wanangu alifariki wakiwa wadogo. Walikuwa wawili, wote wasichana. Mkubwa ni mpole, wa kuulizwa ndipo ajibu. Mdogo tulimwita Redio. Jina hilo alipewa na baba yake, maana aliamka akisema na akalala akisema, na ukimnyamazisha huku anaanza kule. Mungu aliwapa sura mbalimbali lakini kimo kimoja na kiuno kimoja. Nikimshonea mmoja, nampima mwingine. Lile sanamu la kuvalishia nguo ambalo mafundi wengine wanalo, mimi sikuwa nalo. Redio ndiye aliyekuwa sanamu langu, na sidhani kama kuna fundi aliyewahi kuwa na sanamu lenye maneno mengi kama lile.

Alikuwa na kasoro moja tu. Akisimama juu ya stuli hulalia mguu wa kushoto, na upindo unakwenda upande. Maisha yake yote nilikuwa namwambia neno lile lile. Simama wima.

Aliyenifundisha kushona ni mama mkubwa, dada yake marehemu mama yangu. Macho yake sasa ni mabovu, lakini vidole vyake bado vinaona. Wiki nzima ya matayarisho alikaa kwenye kona ya chumba akivisha vifungo kitambaa kwa kupapasa. Yeye ana masharti yake ya nguo za harusi, na mimi niliyashika kwa heshima tu, si kwa imani. Bibi harusi havai gauni lake kamili kabla ya siku yenyewe. Na fundi hamalizi upindo. Huacha kipande cha upana wa kiganja kikiwa wazi, sindano ikining'inia na uzi wake, mpaka bibi harusi avalishwe na awe tayari kutoka mlangoni. Hapo ndipo fundi hupiga magoti na kumalizia.

Redio hakuweza kukaa karibu na mtu mwenye masharti bila kumchimba. Alimwuliza bibi yake kwa nini bibi harusi hufunikwa shela. Akajibiwa kuwa ni ili uso wake usitambuliwe. Kwa nini mumewe humbeba kuvuka kizingiti? Kwa sababu chini ya kizingiti kuna anayelala akisubiri mguu mgeni. Kwa nini siku nzima watu humwita bibi harusi, bibi harusi, kana kwamba mama yake hakumpa jina? Ni ili jina lisisikike na yule anayelitafuta. Na wapambe, kwa nini huvaa kama yeye? Ili anayekuja asijue wa kumchukua ni yupi.

"Kumbe harusi ni vita, bibi," Redio akasema. "Mbona hamkutuambia tuje na mapanga?"

Mama mkubwa alicheka mpaka akadondosha kifungo. Kisha Redio akauliza tena, safari hii bila mzaha. Je, huyo anayekuja akikuta wote wako sawa, hurudi mikono mitupu?

Mama mkubwa akaacha kucheka.

"Nipe uzi," akasema.

Tulikuwa tumeshamuudhi kwa jambo jingine. Dada zake bwana harusi walitaka wapambe wavae kijani, kwa kuwa ndiyo mtindo, na mkubwa wangu akakubali kama kawaida yake. Mama mkubwa aliposikia alinung'unika kwamba tumemwacha mtoto peke yake katika weupe. Tulimwacha anung'unike.

Basi jioni ile. Mkubwa alikuwa nyumbani na shangazi zake. Mama mkubwa alikuwa amekwenda kupumzika. Nilikuwa na Redio tu. Alisimama juu ya stuli akiwa ndani ya gauni la dada yake, na shela akajifunika mwenyewe, kwa sababu nilitaka kuona kama mwisho wa shela unalingana na upindo. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma yake. Pini zilikuwa mdomoni mwangu, nimezibana kwa midomo kama tunavyofanya mafundi wote, natoa moja, nachomeka, natoa nyingine.

Redio alikuwa anasimulia habari ya viatu vya mama mkwe wa dada yake, kwamba vinalia kama bata. Ng'ambo ya barabara nikasikia mlango wa bati wa duka la mbao ukishushwa. Kisha kufuli. Kisha nyayo za mwenye duka zikienda...

Kisha hapakuwa na sauti yoyote.

Redio alikuwa amenyamaza katikati ya neno.

Nilisikia harufu kwanza. Karafuu maiti. Harufu ile kila mmoja wetu anaijua, na kila mmoja anajua aliisikia wapi. Iliingia polepole, kama moshi unaopita chini ya mlango, ingawa mlango ulikuwa wazi.

Mlangoni alikuwa amesimama mwanamke.

Hakuwa amepiga hodi. Uso wake ulikuwa upande wa giza, lakini nguo niliiona, kwa sababu macho yangu hutazama nguo kabla ya mtu. Gauni refu, shingo imefungwa, mikono yenye mikunjo midogo vifundoni. Lilishonwa kwa mkono kuanzia mwanzo hadi mwisho, mshono mwembamba wa kuonea wivu.

"Shikamoo, mama," Redio akasema.

Nilingoja marahaba. Haikuja.

"Nimetoka upande wa bwana harusi," mwanamke akasema. Sauti yake ilikuwa kavu, kama kitambaa kinachochanwa polepole. "Nimetumwa nimwone bibi harusi. Ni yupi?"

Chumbani tulikuwa mimi, mwanamke mzima niliyepiga magoti sakafuni, na msichana mmoja aliyevaa nyeupe. Nani angeuliza swali hilo? Nilitaka kusema kwamba bibi harusi hayupo, yuko nyumbani, huyu ni mdogo wake tu. Lakini mdomo wenye pini hausemi. Ukijaribu, unameza. Nikainua mkono nianze kuzitoa.

Ndipo nikahisi mkono wa Redio. Alikuwa ameushusha nyuma yake bila kugeuka. Ulinigusa kichwani, ukakaa hapo, ukanikandamiza kidogo. Hivyo ndivyo mtu mzima anavyomtuliza mtoto.

"Ni mimi," akasema.

"Sema tena."

"Mimi ndiye bibi harusi."

Mpaka leo sijui. Kama ungemjua Redio ungesema ni utani, kwa kuwa hakuacha mtu apite bila kumtania. Lakini kile kiganja juu ya kichwa changu hakikuwa cha mtu anayetania.

Mwanamke akaingia. Sakafu yangu ni ya mbao na ina ubao mmoja unaolia kila anapopita mtu, hata paka. Haukulia. Akainama kando yangu, karibu kabisa, na ile harufu ikanijaa kooni. Akaishika sindano iliyokuwa ikining'inia kwenye kipande nilichokiacha.

"Hapa pamebaki," akanong'ona.

Vidole vyake vilikwenda mbio kuliko cherehani yangu. Sikuona uzi. Niliona tu kitambaa kikijikunja na kujifunga, kikijikunja na kujifunga...

"Sasa pamekwisha."

Akainuka, akageuka kwenda. Hapo ndipo nilipouona mgongo wake. Lile gauni zuri lilikuwa wazi nyuma, kutoka shingoni hadi chini, likishikwa na vitambaa vilivyofungwa ovyo. Fundi yeyote anaijua nguo kama ile. Ni nguo ya kuvishwa mtu ambaye hawezi tena kuinua mikono.

Nikatema pini zote sakafuni. Moja ilikuwa imenitoboa mdomo.

Redio akafunua shela. Alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lenyewe lilikaa vibaya usoni, kama nguo ya kuazima.

"Mama, wakwe zetu wana watu wa ajabu," akasema. Kisha akasema, "Nivue. Nasikia baridi."

Njia nzima mpaka nyumbani hakusema neno lingine.

Asubuhi nilichukua gauni nimvalishe mkubwa wangu. Nyumba ilikuwa imejaa shangazi, mafuta ya nywele na watu wanaotafuta kitana. Nilipoinua upindo karibu na dirisha niliona kipande changu kimeshonwa. Mishono midogo, iliyolingana. Lakini si kwa uzi. Ulikuwa unywele, mrefu, wenye mvi.

Nilimwita mama mkubwa pembeni. Akapitisha kidole pale mara moja tu.

"Nani alikuwa amelivaa?" akauliza.

Nikamwambia. Nikamwambia na swali la yule mwanamke, na jibu lililotoka. Mama mkubwa alishusha upindo polepole, akaunyoosha vizuri kwa kiganja.

"Basi mvalishe bibi harusi wako," akasema. "Gauni hili sasa ni salama."

Redio alikuwa ameketi mbele yetu, amevaa kijani chake, anafunga viatu. Mama mkubwa hakugeuza uso upande wake.

Harusi ilikwenda vizuri. Ndivyo wote walivyosema. Nilimtafuta mama wa bwana harusi, nikamwuliza kwa upole kuhusu mtu waliyemtuma jana jioni. Alishangaa. Akasema wangemtuma nani, mama, wakati jana jioni wote walikuwa wanaosha vyombo na kugombana? Akacheka, viatu vyake vikalia kama bata. Niligeuka ili nicheke na Redio. Redio alikuwa anatazama mlango.

Mkubwa wangu alipoulizwa kama amekubali, alivuta pumzi kwanza, kwa aibu yake. Katika ile pumzi nilisikia sauti nyingine, ndogo, nyuma yake.

"Nimekubali."

Watu walidhani ni bibi harusi. Mimi nilikuwa natazama midomo ya Redio.

Maharusi walipoondoka, Redio aliomba akalale kidogo. Nikampeleka nyumbani mwenyewe, nikamfunika, nikasali kando ya kitanda chake kwa maneno yote niliyokuwa nayo. Alinishika mkono. Nilimwuliza kama anaumwa. Akatikisa kichwa. Nikamwambia aseme lolote, hata upuuzi, hata habari za viatu. Akanitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye mtoto.

Jikoni nilichelewa kidogo tu, nikichemsha chai. Mwanga ulikuwa unaanza kuwa kijivu.

Chumba kilinuka karafuu maiti kabla hajaoshwa na mtu yeyote.

Daktari alisema ni moyo. Akasema inatokea, hata kwa vijana. Sibishani naye, ni mtu aliyesoma. Lakini wakati wa kumwosha tuliona kidole chake cha pete. Kilikuwa na alama, mstari mweupe uliozama katika nyama, kama wa mwanamke aliyevaa pete miaka mingi na kuivua ili afue. Mwanangu hakuwahi kuvaa pete.

Tulimzika na gauni lake la kijani. Mikono ilikuwa imeshakaza. Ikabidi nichukue mkasi, nipasue mgongo wa nguo niliyoishona mwenyewe. Mkasi ukaenda upande.

Baada ya watu kutawanyika nilimkabili mama mkubwa. Alipapasa kifungo kisichokuwepo. Akasema kwamba enzi za bibi yake, mzazi mwenye akili hakukubali binti yake kipenzi awe mpambe. Walichukuliwa yatima, au watoto wa ndugu maskini. Kisha mambo yakawa mazuri, watu wakasahau, ikawa ni heshima na maua.

"Mnadhani mpambe ni wa kupamba," akasema.

Nilimwuliza kwa nini hakumjibu Redio siku ile alipouliza. Akalia. Akasema alimjibu. Asubuhi ya siku aliyokuja yule mwanamke, Redio alimfuata chumbani kwake, peke yake, akauliza tena, na hakutoka mpaka alipojibiwa kwamba anayekuja harudi mikono mitupu, huchukua anayejibu.

Niliacha nguo za harusi. Nikashona sare za shule, mapazia, mashuka. Mvua zikapita, zikaja nyingine. Mkubwa wangu anaishi salama na mume wake, ila hatutazamani machoni kwa muda mrefu. Kisha mke wa mwenye duka la mbao akaja kunisihi. Binti yake anaolewa, fundi aliyempa kazi amemharibia. Ni jirani aliyelia nami msibani. Nikakubali, kwa sharti kwamba asije mtu wa kusimama badala ya binti. Aje mwenyewe.

Akaja jioni, kwa kuwa mchana ana kazi. Alisimama juu ya stuli ile ile. Siku hizi siweki pini mdomoni. Nimejishonea kimto kidogo, nakifunga kwenye kifundo cha mkono, pini zinakaa humo. Binti alikuwa anaongea kuhusu keki. Nikasikia mlango wa bati ukishushwa ng'ambo ya barabara.

Halafu ile harufu...

Sikutaka kuinua kichwa. Nikainua.

Mlangoni palikuwa na gauni la kijani. Uso ulikuwa umefunikwa kwa kitambaa. Lakini alikuwa amesimama amelalia mguu wa kushoto.

"Shikamoo, mama."

Wengine wanasema sauti ya namna ile haiitikiwi. Waseme. Mimi niliitikia. "Marahaba, mwanangu."

"Nimetoka upande wa bwana harusi," akasema. Hakusema kwa haraka kama zamani. "Bibi harusi ni yupi?"

Safari hii mdomo wangu ulikuwa mtupu.

"Ni mimi," nikasema.

Chini ya kile kitambaa nikasikia kicheko kidogo. Kile kile.

"Mama, wewe ulishaolewa."

Akainua kichwa, akaanza kumtazama binti wa watu juu ya stuli. Nilitafuta sala. Mimi ninayesali tangu utoto, nilitafuta hata neno moja la kuanzia, sikulipata. Neno lililotoka ni lile nililolizoea.

"Simama wima."

Akasimama wima. Mara moja, bila kubisha. Alikaa hivyo kitambo, mabega yamenyooka, kama mtoto anayengoja kusifiwa. Kisha akageuka na kwenda, na mgongoni niliuona mkato wa mkasi wangu, umekwenda upande.

"Mama, unaongea na nani?" binti akauliza. Yeye hakuona kitu.

Yule binti aliolewa, na mpaka leo ni mzima. Nafikiri ni kwa sababu hakujibu, maana hakusikia swali. Sina hakika. Wala sijui mwingine akisikia atajibu nini, au mimi nitawahi kusema neno gani.

Kiongozi wetu wa ibada, nilipomweleza, aliniambia niache kabisa kazi ya harusi, nimwachie Mungu mwanangu apumzike. Najua amesema kweli. Nimeliombea jambo hili mpaka magoti yameota sugu.

Juzi amekuja mama mmoja nisiyemjua, mgeni mtaani, akiwa na kitambaa cheupe. Binti yake ni msichana mchangamfu, mwenye maneno mengi. Nilimpima kifua na kiuno, nikampenda. Aliniuliza aje saa ngapi kesho kwa ajili ya upindo. Akasema yeye ana nafasi siku nzima, hata asubuhi, kukiwa na mwanga mzuri.

Nimemwambia aje jioni.